PROFESA SI MWANAJESHI! Kwa nini walimfungia Baregu darasa?

NDUGU msomaji, katika nchi hii mpinzani akitaka kusifiwa na wakubwa, sharti kwanza afe. Akiwa hai ni mchochezi, ni mroho wa madaraka, anatumiwa na mabeberu. Akishavikwa sanda, ghafla anageuka hazina ya taifa. Vigogo wanapanga foleni kwenye kitabu cha maombolezo, na wale wale waliokuwa wanavuka barabara wasikutane naye wanagombea kiti cha mbele msibani.

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ya Juni 13, 2021, zilipotufikia habari kwamba Profesa Mwesiga Laurent Baregu amefariki dunia jijini Dar es Salaam. Sifa zilimwagika kama mvua ya masika. Msomi aliyebobea! Mzalendo! Mwalimu wa walimu! Sina ugomvi na rambirambi. Kumzika binadamu kwa heshima ni utu, na mila zetu hazituruhusu kumsimanga marehemu. Lakini miaka imepita, matanga yameanuliwa, na sasa tuulizane kama watu wazima: huyo mwalimu wa walimu, nani alimtoa darasani?

Maana alitolewa. Hakuchoka, hakuugua, hakufumaniwa akiuza mitihani. Alitolewa.

Kwa wadogo zangu ambao jina hili wamelisikia tu kwenye redio, nieleze kwa ufupi. Baregu alikuwa mtoto wa Kagera aliyesoma mpaka akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Alikuwa profesa wa sayansi ya siasa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifanya kazi ya utafiti Harare, Zimbabwe, katika taasisi ya SAPES iliyokuwa ikiwakutanisha wasomi wa kusini mwa Afrika. Mwaka 2003 yeye na Christopher Landsberg walihariri kitabu kuhusu usalama wa eneo hilo, From Cape to Congo, na mwaka 2011 akahariri kingine kuhusu vikwazo vya amani katika Maziwa Makuu. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa zake ughaibuni akala dola kwa raha mustarehe. Alirudi. Na aliporudi akafanya kosa kubwa kuliko yote yanayojulikana katika utumishi wa umma wa Tanzania: alijiunga na upinzani, akaingia Kamati Kuu ya CHADEMA, na hakujificha.

Wako maprofesa wengi wanaoipinga serikali chumbani, taa zikiwa zimezimwa. Hao hawana matatizo. Huyu alikuwa anasema mchana kweupe, kwa jina lake.

Kuelekea uchaguzi mkuu wa 2010, mkataba wake Mlimani ulifika mwisho. Serikali ikagoma kuuongeza. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba yeye ni kiongozi wa chama cha siasa, na kanuni za utumishi wa umma haziruhusu mtumishi wa umma kuwa kiongozi wa chama. Basi! Wakubwa wakanawa mikono kama Pilato, wakaendelea na shughuli zao.

KANUNI HII INAMUUMA NANI?

Msomaji wangu, hapa usinikimbie, maana hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Wapo watakaosema: "Bwana mdogo, sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma." Vizuri. Tuuchukue msumeno wenyewe tuukague meno.

Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, hiyo hiyo tunayoambiwa inatosha. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni. Ibara ya 20 inampa uhuru wa kukutana na kushirikiana na wenzake. Ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake. Hakuna mahali ibara hizo zinaposema "isipokuwa kama ni profesa". Sasa nenda Ibara ya 147. Hapo ndipo Katiba yenyewe inapotaja watu wasioruhusiwa kujiunga na chama chochote cha siasa. Ni wanajeshi! Ni watu wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Na sababu yake hata mtoto wa darasa la tatu anaielewa: hao wanashika bunduki. Mwenye bunduki akiwa na kadi ya chama, asiye na bunduki hana uchaguzi.

Profesa Baregu alishika bunduki gani? Alishika chaki. Kama chaki siku hizi imeingizwa kwenye orodha ya silaha, tuambiwe, ili walimu wa shule za msingi nao wajisalimishe kituo cha polisi kilicho karibu.

Atasimama mwanasheria wa serikali aseme: hakukatazwa kuwa mwanachama, alikatazwa kuwa kiongozi. Haya, nakubali, hoja hiyo ina uzito kidogo kuliko zile nyingine. Mtumishi wa umma anakula kodi ya watu wa vyama vyote na wasio na vyama, na wananchi wana haki ya kuhudumiwa bila kuulizwa kadi. Lakini twende nayo mpaka mwisho wa safari, tusishukie njiani.

Mkuu wa Mkoa anakula kodi ya nani? Mkuu wa Wilaya je? Gari lake, mafuta yake, nyumba yake, walinzi wake, vyote vinatoka katika mfuko ule ule uliokuwa unamlipa Baregu. Na huyo huyo Mkuu wa Wilaya, kwa cheo chake, anaingia kwenye Kamati ya Siasa ya CCM ya wilaya. Anakaa kwenye kikao cha chama asubuhi, mchana anakwenda kuongoza Kamati ya Ulinzi na Usalama, jioni ndiye anayeamua kama mkutano wako wa hadhara unahatarisha amani. Huyo si mtumishi? Huyo si kiongozi wa chama? Msumeno ulipofika kwake uliota kutu?

Twende kwa wakurugenzi wa halmashauri. Hawa ndio waliokuwa wanasimamia uchaguzi majimboni. Mwaka 2019 mwanaharakati kijana, Bob Chacha Wangwe, alikuwa amelipeleka jambo hilo mahakamani, akidai kwamba kati yao wamo makada wa chama tawala. Mwezi Mei mwaka huo Mahakama Kuu ikamkubalia na kusema kifungu kinachowapa kazi hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Walalahoi tukashangilia. Furaha ya maskini haidumu: mwezi Oktoba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi. Kwa maneno mengine, kada kuhesabu kura zako ni sawa, lakini mpinzani kumfundisha mwanao maana ya kura ni hatari!

Na kama hiyo haitoshi, Novemba 2017 Profesa Kitila Mkumbo, wakati huo Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji, alipokewa CCM mbele ya Halmashauri Kuu ya chama hicho, kamera zikimulika. Simchukii Profesa Mkumbo, kuhama chama ni haki yake, na Baregu mwenyewe angeitetea. Ila kumbuka kwamba huyo huyo kabla ya hapo alikuwa mhadhiri Mlimani na mjumbe wa Kamati Kuu ya CHADEMA kwa wakati mmoja, mpaka alipovuliwa nyadhifa zake chamani mwaka 2013. Tena aliyemvua alikuwa chama chake mwenyewe, serikali haikuwamo. Kanuni ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Ilikuwa imelala. Iliamshwa kwa ajili ya mzee mmoja ambaye mkataba wake ulikuwa mikononi mwa serikali. Kanuni inayoamshwa kwa mtu mmoja na kulazwa kwa wengine ni rungu, hata ikipigwa mihuri kumi.

NI WANAFUNZI WALIOFUKUZWA

Sasa tuache sheria, maana sheria zinachosha na mimi si mwanasheria. Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne ninayeandika habari za kulipwa kwa makala, na cheti changu kina alama ambazo nisingependa uzisome ukiwa umetoka kula. Mlimani nimefika mara nyingi, lakini kwa miguu, kufuata makongamano ya bure. Sikuwahi kukaa darasani kwa Baregu hata dakika moja. Nilimsikiliza redioni, nikamsoma magazetini. Kwa hiyo sina shahada ya kutetea wala fadhila ya kulipa. Ninachokitetea ni haki ya yule kijana wa mwaka 2010 aliyefaulu, akapata nafasi, akapanda basi kutoka Namtumbo au Kibondo mpaka Dar es Salaam kusoma sayansi ya siasa, akakuta mmoja wa watu walioijua siasa ya nchi hii ndani na nje amefungiwa mlango. Kijana huyo hakuulizwa. Mzazi wake aliyeuza mbuzi hakuulizwa. Waliofukuzwa ni hao, profesa alipata kazi kwingine.

Maana kulea vijana kisiasa si kuwalisha itikadi kama makinda ya kuku. Mwalimu wa siasa mwenye upande unaojulikana ni salama kuliko mwenye upande aliouficha. Ukijua kwamba Baregu ni wa CHADEMA, unamsikiliza ukiwa macho, unampinga, unamwuliza maswali. Yule anayesema "mimi sina chama" huku jioni anaandika hotuba za waziri, huyo ndiye anayekulisha sumu kwa kijiko cha asali. Na wanafunzi wa Baregu hawakutoka wote wapinzani, kama wakubwa walivyoogopa. Mtu aliyefundisha idara ile kwa miaka mingi kiasi hicho, wanafunzi wake utawakuta maofisini serikalini, utawakuta vyama vyote, utawakuta vyumba vya habari. Kama alikuwa anachapisha wapinzani kama kiwanda, basi kiwanda kilikuwa na hasara.

Hebu tukumbuke pia kwamba ugomvi wa dola na Mlimani haukuanza na Baregu. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, alichukuliwa chuoni na askari wenye silaha akarudishwa kwao. Machi 5, 1978 wanafunzi waliandamana kupinga wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu. Marupurupu, msomaji! Leo tunaimba wimbo ule ule. Wapatao 350 wakafukuzwa. Katika kila tukio dola ilitumia dawa moja: anayeuliza swali aondolewe, swali lenyewe libaki. Tofauti ni kwamba zamani walitumia malori na askari. Siku hizi wanatumia mkataba. Hakuna kelele, hakuna machozi ya gesi, hakuna picha ya kuchapisha ukurasa wa mbele. Mkataba umekwisha, asante kwa utumishi wako, kwaheri.

Na hii ndiyo njia mbaya zaidi, kwa sababu inafundisha. Kila mhadhiri kijana aliyekuwa Mlimani mwaka ule alipata somo ambalo halikuwamo kwenye ratiba: ukitaka kufika miaka ya mkataba, funga mdomo. Humwoni akifukuzwa, kwa sababu amekwisha kujifukuza mwenyewe.

DARASA LA WATU WAZIMA

Profesa Baregu hakwenda kulia kwenye vyombo vya habari akasubiri kuhurumiwa. Alikwenda kufundisha SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kisha mwaka 2012 ikaja kazi kubwa ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyomfanya mwalimu wa nchi nzima. Rais Jakaya Kikwete aliunda Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, makamu wake Jaji Augustino Ramadhani, na Baregu akawamo kati ya wajumbe.

Tulia hapo kidogo. Mtu aliyeonekana hafai kufundisha vijana mia mbili katika ukumbi mmoja, ndani ya miaka mitatu ameonekana anafaa kusaidia kuandika Katiba ya watu zaidi ya milioni 40! Serikali ni ile ile. Rais ni yule yule. Ama walikosea mara ya kwanza, ama walidhani Tume itakuwa kiini macho cha kawaida na hivyo haidhuru nani yumo.

Haikuwa kiini macho. Tume ilizunguka nchi. Iliwaketisha wakulima, wavuvi, mama lishe, masheikh, wachungaji na wafungwa wa maisha magumu mitaani, ikawasikiliza. Watu zaidi ya laki tatu walitoa maoni yao. Wazee ambao tangu Uhuru walikuwa wanaitwa mikutanoni kupiga makofi, kwa mara ya kwanza waliulizwa: ninyi mnataka nini? Kama hilo si darasa la haki za raia, basi sijui darasa ni nini.

Walichosema wananchi kikaandikwa kwenye Rasimu ya pili iliyokabidhiwa Desemba 30, 2013. Muungano wa serikali tatu. Mbunge mwisho vipindi vitatu, aende zake akalime. Wananchi waweze kumwajibisha mbunge anayewapotezea muda kabla ya miaka mitano kwisha. Waziri asiwe mbunge, ili anayesimamiwa na anayesimamia wasiwe mtu mmoja mwenye kofia mbili. Soma tena mambo hayo manne, halafu jiulize ni kigogo gani angelala usingizi.

Hawakulala. Machi 2014, mara baada ya Jaji Warioba kuiwasilisha Rasimu bungeni Dodoma, Tume ikavunjwa, wajumbe wake wakawa hawana mahali rasmi pa kuitetea kazi yao. Aprili 16, 2014 wajumbe wa UKAWA wakatoka nje ya Bunge Maalumu. Waliobaki wakaichinja Rasimu kipande kwa kipande, na Oktoba 2, 2014 wakapitisha kitu walichokiita Katiba Inayopendekezwa, ambamo mambo yale manne hayamo. Novemba 2 mwaka huo Jaji Warioba, mzee aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, alifanyiwa fujo mchana kweupe ndani ya ukumbi pale Ubungo Plaza, katika mdahalo wa Katiba. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikupigwa. Mabilioni yetu yakaenda, laki tatu za maoni yetu zikafungiwa kabatini.

Kwa hiyo Baregu alifungiwa darasa mara mbili. Mara ya kwanza la Mlimani, mara ya pili la taifa.

Alikufa kabla mambo hayajapata jawabu. Wiki tano baada ya kifo chake, usiku wa kuamkia Julai 21, 2021, polisi walimkamata Mwenyekiti wa CHADEMA wa wakati huo, Freeman Mbowe, jijini Mwanza. Kulikuwa na nini Mwanza? Kongamano la Katiba mpya! Watu walitaka kukaa ukumbini na kuzungumza juu ya jambo lile lile ambalo serikali ilikuwa imemlipa Baregu kulizungumza. Mbowe akashitakiwa kwa ugaidi, akakaa mahabusu mpaka Machi 4, 2022, siku upande wa mashitaka ulipoamua kuiondoa kesi.

HIVI ULIANGUKA KWELI?

Kuna kazi moja ya marehemu ambayo kila kijana wa upinzani angeitafuta kwa udi na uvumba. Ni sura aliyoandika mwaka 1994, katika kitabu kilichohaririwa na Jennifer Widner, kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola ya chama kimoja Tanzania. Wakati huo vyama vingi vilikuwa na umri wa miaka miwili tu, tangu Julai 1, 1992. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuwa imetaja sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Matawi ya chama makazini na jeshini yalikuwa yameondolewa. Mtu alikuwa na haki ya kuandika neno "kuanguka".

Ningemkuta leo, ningemwuliza kwa adabu: Profesa, ulianguka kweli, au ulikaa chini kupumzika? Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na haikufunguliwa mpaka Januari 2023. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wagombea wetu walienguliwa kwa mafungu, upinzani ukasusia, chama tawala kikajipa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2020 CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura, Mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini tangu Aprili. Oktoba 29 damu ya vijana ikamwagika barabarani, intaneti ikazimwa, na siku tatu baadaye mgombea wa CCM akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Hizo ni tarakimu za zama za "ndiyo" na "hapana", msomaji. Kwenye karatasi ya siku zile kulikuwa na kivuli cha kushindana na mgombea. Angalau kivuli hakikukamatwa.

Vijana wale wa Oktoba wengi walikuwa watoto wa shule ya msingi mwaka 2010, wakati wakubwa wanapiga hesabu kwamba wakimwondoa profesa mmoja wataondoa maswali. Hawakumwona Baregu darasani wala hawakusoma sura yake. Maswali wameyapata wenyewe, na kwa kukosa walimu wa kuwaonyesha njia nyingine za kuyauliza, wakatoka nayo barabarani mikono mitupu. Wanaolalamika leo kwamba vijana hawana subira na hawajui siasa wajiulize ni nani aliyewafukuza waliokuwa wanafundisha subira na siasa.

NA SISI TUNA YETU

Nisipoyasema haya nitakuwa mnafiki. Sisi wa upande huu nasi tumewatumia maprofesa wetu kama vitambaa vya kupambia meza. Siku ya mkutano anaketishwa jukwaani, anatambulishwa kwa vigelegele, "tunaye Profesa!", halafu anapewa dakika tano baada ya wasanii. Tumeuza fulana, kofia na kanga kwa maelfu. Ni tawi gani lina rafu ya vitabu? Ni wilaya gani ina darasa la Jumamosi ambapo kijana anasomewa Ibara ya 18, ya 20 na ya 21, akaambiwa akikamatwa adai nini na kwa maneno gani? Tunangoja chama tawala kitufungulie Mlimani, wakati kufundisha chini ya mwembe hakuhitaji kibali cha katibu mkuu kiongozi. Profesa akiwa hai tulimtaka awe ngao yetu. Tulipaswa pia kumtaka awe mwalimu wetu.

Sasa nina madai mawili, tena madogo, hayahitaji bajeti.

La kwanza ni kwa serikali. Itoe hadharani orodha ya maprofesa na wahadhiri wote wa vyuo vya umma walionyimwa mkataba kwa sababu ya uongozi wa chama cha siasa tangu mwaka 1992, pamoja na majina ya vyama vyao. Sitaki siri za nchi wala mishahara ya watu. Nataka tuone kama katika orodha hiyo yumo hata mmoja wa CCM. Akipatikana, nitasimama mbele ya jengo la Utumishi na gazeti hili mkononi, nilisome kwa sauti na kuomba radhi.

La pili ni kwa Mlimani. Pale chuoni kuna kumbi na barabara zenye majina ya watu wa kila namna, wengine hawakuwahi kufundisha hapo kipindi kimoja. Idara ya sayansi ya siasa itafute chumba kimoja cha semina, hata kile ambacho feni yake imekufa, ikiandike jina la Baregu mlangoni. Kisha ikiache wazi jioni moja kwa wiki kwa sisi ambao hatukufaulu kuingia.